Ng'ombe mgeni na kupe mwenyeji: historia ya mifugo yetu kati ya Ngomo na Ruzizi



Mu mkutano wa mwisho mliona wenyewe namna maneno yalivyopanda. Sanduku letu sasa lina pesa za kununua mitamba sita, kiisha watoto wao watazunguka kutoka familia moja hadi nyingine, sawa tulivyofanya na mbuzi. Kundi moja linasema tupande Ngomo, tununue ng'ombe wa maziwa kule juu, Walungu ao upande wa Mulungu, juu wale ni wanono na wakati wa kiangazi bei yao inashuka. Kundi lingine linasema tununue hapa hapa mu bonde, hata kama ng'ombe wa hapa wamekonda na maziwa yao ni kidogo. Mwishoni mkatugeukia sisi tunaotembea mu vijiji kwa kazi ya mifugo: "Ninyi mliosoma, museme!"

Siku ile hatukusema kitu. Tuliomba nafasi mu gazeti hili, maana jibu ni refu na sehemu yake kubwa ni historia. Swali hili si sisi wa kwanza kuulizwa. Kila mara watu wanapopoteza mifugo kwa vita ao kwa ugonjwa, kiisha wanataka kuanza upya, swali linarudi: tuwatoe wapi wanyama wapya? Na mara nyingi jibu baya limeua kuliko msiba wenyewe.

Kwanza tukiri kosa letu, maana wengi wenu mnalikumbuka. Mbuzi wa mgao wa kwanza tuliwanunua mu masoko matatu kwa siku mbili. Projeti ilikuwa inafunga mwisho wa mwezi, na ripoti ilitaka picha. Tukawalaza wote usiku mmoja mu lupango moja, asubuhi tukawagawa. Siku ya sita ao ya saba simu zikaanza kulia: mbuzi anatoa kamasi, macho yanashikana kwa uchafu, mdomo una vidonda, anaharisha, anapumua kwa shida. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa tayari na mbuzi wao. Mgeni alikufa, kiisha wenyeji wakamfuata. Mama mmoja alikuwa na mbuzi wanne mbele ya msaada wetu. Mwezi uliofuata alibaki na mmoja. Yaani msaada ulimshusha chini ya pale ulipomkuta. Mu ripoti hatukuandika hayo. Tuliandika hesabu ya mbuzi waliogawiwa.

Hakuna maabara iliyotupa jina la ugonjwa ule, lakini dalili zake zinafanana sana na sotoka ya mbuzi na kondoo. Na hilo neno sotoka ndilo linatufungulia historia yenyewe. Wenzetu waliokaa Tanzania wanalijua.

Sotoka ya ng'ombe ilishuka mu Afrika mwaka 1887, mu bandari ya Massawa, kule Eritrea. Iliingia na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Italia. Ng'ombe wa Afrika walikuwa hawajakutana nayo, na mu sehemu nyingi ng'ombe tisa kwa kumi walikufa. Mu mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa imeshafika mu nchi zetu za maziwa makubwa. Wasemaji wa Kinyarwanda waliita umuryamo. Ruzizi haikuwa ukuta. Kufika 1896 na 1897 ilikuwa inamaliza ng'ombe wa kusini kabisa mwa Afrika.

Mu Bushi, mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi hakuwaweka wote mu zizi moja. Aliwapa watu wengine wa milima mingine kwa bugabire: wewe unachunga, unakunywa maziwa, mali inabaki na mwenyewe, na kati yenu kunakuwa urafiki na deni. Vitabu vingi vinaongea bugabire kama mambo ya utawala tu, ya mkubwa na mdogo. Ni kweli, lakini kulikuwa na kinga ya ugonjwa ndani yake pia. Ugonjwa ukishuka mu mlima mmoja, mwenye mali alibaki na ng'ombe mu mlima mwingine, na kutoka pale aliweza kuanza upya bila kwenda kununua wanyama asiowajua. Mzunguko wetu wa mbuzi ni ndugu mdogo wa bugabire, isipokuwa bila mwami. Kosa letu ni kwamba tulichukua sehemu ya kugawa na kuacha sehemu ya kutenganisha.

Sasa tuende mbali kidogo, mpaka Beira mu Mozambique. Kilichotokea kule ndicho hasa tunachoogopa kifanyike hapa.

Baada ya sotoka, na baada ya vita ya Waingereza na Makaburu iliyoanza 1899, nchi za kusini zilibaki bila ng'ombe. Watu walitaka kujaza mazizi haraka. Wakanunua ng'ombe mu pwani ya Afrika Mashariki, wakawapakia mu meli mpaka Beira, kiisha wakawapeleka Rhodesia, ile tunayoita leo Zimbabwe. Ng'ombe wale wa pwani walionekana wazima kabisa. Wakati ule ule, kampuni ya Cecil Rhodes ilileta ng'ombe wa kizungu kutoka Australia, karibu elfu moja, wakapita mu bandari ile ile na njia ile ile. Karibu wote wakafa. Mbele ya mwisho wa 1902 ugonjwa ulikuwa umesambaa mu Rhodesia na kuvuka mpaka Transvaal. Wakaupa jina la homa ya pwani ya mashariki. Afrika Kusini ilihitaji miaka hamsini hivi kuumaliza.

Robert Koch, munganga mkubwa wa Ujerumani, aliitwa Bulawayo mwaka 1903 kutafuta dawa, na hakuipata. Mu mwisho wa miaka ya 1890 alikuwa ameshaviona vijidudu vile mu damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam, lakini hakujua ameona nini. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtu wa wadudu mu Cape, ndiye alionyesha kwamba ugonjwa unabebwa na kupe, yule wa rangi ya kahawia anayependa kukaa mu masikio.

Ugonjwa huo ni wetu. Waliokaa Tanzania wanauita ndigana kali, wasemaji wa Kinyarwanda wanauita ikibagarira. Tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda sana, mnyama anaacha kula, anapumua sawa mtu aliyepanda Ngomo kwa miguu, mwishoni povu linatoka puani. Mara nyingi yote hayo yanachukua wiki mbili ao tatu tu.

Lakini juu ya nini ng'ombe wa pwani walibeba ugonjwa na wao wenyewe walikuwa wazima? Hapa ndipo jibu la mkutano wetu linapokaa. Ndama anayezaliwa mahali penye kupe wengi anaumwa na kupe tangu wiki zake za kwanza. Wengine wanakufa, tusidanganyane, na hao ndio bei ya kinga ile. Wanaopona wanabaki na kinga kwa muda mrefu sana, ila kijidudu kinaweza kubaki ndani yao kimejificha. Kupe mchanga akinyonya damu yao, akaanguka, akabadilika mu majani na kuwa kupe mkubwa, anapanda juu ya ng'ombe mwingine na kumpa ugonjwa. Kama yule mwingine ni mwenyeji, hakuna shida kubwa. Kama ni mgeni aliyekomaa bila kupigwa na kupe, anakufa.

Kwa hiyo njia ya hatari iko na pande mbili: mgeni mzima analeta ugonjwa kwa wenyeji, ao mgeni mzima anaukuta kwa wenyeji. Mbuzi wetu walipita upande wa kwanza. Mitamba ya kule juu ingepita upande wa pili.

Angalieni mahali tunapokaa. Bukavu iko mita 1500 na zaidi juu ya bahari, na milima ya Walungu inapanda kuliko hapo. Kamanyola iko karibu mita 1000, chini ya mtelemko wa Ngomo, mlangoni mwa bonde la joto. Kwa barabara ni safari ya saa chache tu, lakini kwa kupe ni kama nchi mbili. Kupe wa masikio anapenda joto na majani yenye unyevu. Mu baridi ya milima mirefu anakuwa mchache. Watafiti wa Bukavu, wale wa Université Évangélique en Afrique, wameshafanya kazi juu ya kupe na kijidudu hicho mu Kivu Kusini, mu bonde na mu milima, na vilevile upande wa Burundi. Wafugaji walijua mbele yao. Mzee mmoja anayepandisha ng'ombe wake na kuwashusha kila mwaka alituambia mara moja: "Ngombe ya kule juu haiyue kupe ya huku. Inakuya na mafuta, inarudia mu sufuria."

Mtatuuliza: na Wabelgiji walifanya namna gani? Hao walikuwa na ng'ombe wa kizungu mu Kivu na hawakufa.

Walikuwa na dipingi. Waliokaa Tanzania wanasema josho. Mfereji wa simenti unaojazwa maji na dawa, ng'ombe anaruka ndani, anaogelea, anatoka upande wa pili amelowa mpaka masikioni. Huko kusini, mu Natal, walikuwa wamehesabu kitu kimoja cha maana: kupe akishajishika juu ya ng'ombe, hapitishi ugonjwa mara moja, inamhitaji siku kadhaa za kunyonya. Basi ukimuua kupe mbele ya siku hizo, ng'ombe amepona. Ndiyo maana dipingi haikuwa jambo la mara moja kwa mwezi; ilikuwa kila wiki, na mahali pa hatari hata mara mbili kwa wiki. Dawa ya zamani ilikuwa aseniki, sumu kali. Wazee wanakumbuka mbwa waliokunywa maji yale.

Upande wa pili wa Ruzizi, kwa Ruanda-Urundi, shule ya Astrida iliyoanzishwa 1929 ilifundisha hata wasaidizi wa waganga wa mifugo. Upande wetu kulikuwa na huduma ya mifugo ya serikali, na kituo cha utafiti cha Mulungu chini ya INEAC, shirika lililoanzishwa 1933. Hatusifu ukoloni. Chanjo na dipingi zilikuja pamoja na karatasi, amende na askari, na mtu aliyevusha ng'ombe bila ruhusa alijua kinachomngoja. Lakini kazi ilifanya matokeo, na mifugo iliongezeka.

Shida ni kwamba kinga ile ilikuwa inasimama juu ya mguu mmoja. Ng'ombe anayeogeshwa kila wiki tangu udogo hakutani na kupe, basi hana kinga yake mwenyewe. Siku dawa inakosekana, anakuwa mgeni mu nchi aliyozaliwa. Na dawa ilikosekana.

Watu wa mbali wanajua jina la Kamanyola kwa mapigano ya 1964, na kwa divisheni ya jeshi ambayo Mobutu aliipa jina hilo. Mwezi wa nne wa mwaka ule uasi uliwaka mu bonde, mwezi wa tano Uvira ikaanguka. Kuhusu askari na daraja kumesemwa mengi. Kuhusu ng'ombe wa bonde walienda wapi mwaka ule, sisi hatujasoma hata ukurasa mmoja. Kiisha ikaja zairianisasyo ya 1973, mashamba makubwa ya wageni yakabadilisha wenyewe kwa siku chache, na wengi wa wale wenyewe wapya hawakununua dawa ya kupe. Mifereji ikakauka. Mingine leo watoto wanachezea ndani, na hakuna anayewaambia ilikuwa ya nini.

Kutoka 1996 hatuna haja ya kuwasimulia. Ninyi mlikuwa ndani. Wengine wetu tulivuka Ruzizi mwaka ule, wengine mwezi wa sita 2004, wengine walifika mpaka Lugufu na Nyarugusu. Mifugo iliibiwa, ililiwa, ao ilivuka pamoja nasi. Ng'ombe hana kadi ya HCR. Alivuka mahali maji yalipokuwa kidogo, akachanganyika na wenzake wa ng'ambo, akarudi na kupe wao. Watafiti waliolinganisha kupe wa Kongo, Rwanda na Burundi waliona wanafanana sana kuvuka mipaka, na moja ya sababu wanayoitoa ni safari za ng'ombe. Kwetu hiyo si habari mpya.

Kuna wenzetu wengine waliorudi, ambao historia yao inatusaidia kufikiri. Baada ya 1994 Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia Uganda na Tanzania tangu 1959 walirudi kwao na makundi makubwa sana ya ng'ombe. Wengi walikaa Umutara, na mwaka 1997 serikali ilikata karibu theluthi mbili za mbuga ya Akagera ili kupata ardhi. Ilikuwa nchi ya kupe na ya mbungo. Tunakumbusha jambo lile kwa sababu moja: kurudi kwa watu kunahesabiwa kwa majina na kwa shuka, lakini nani anahesabu kinachorudi juu ya ngozi ya mnyama?

Si kila kitu kilienda vibaya. Sotoka ya ng'ombe, ile ya Massawa, haipo tena duniani. Mu Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri kutoka mwisho wa miaka ya 1950. Kampeni kubwa ikafuata kutoka 1962, wakafikiri wamemaliza, wakalegea, ugonjwa ukarudi mu miaka ya 1980. Safari ya pili walikuwa na chanjo inayovumilia wiki kadhaa bila frigo, na walifundisha wafugaji wenyewe kuchanja, hata Sudani Kusini wakati wa vita, mahali ambapo munganga wa serikali hakuweza kufika. Mwaka 2011 dunia ilitangaza umekwisha. Hatuamini kwamba mtu anahitaji diploma kushika sindano vizuri. Anahitaji kufundishwa, kufuatiliwa na kuwa na dawa isiyolala juani sokoni.

Sotoka ya mbuzi na kondoo bado ipo. Mwisho wa 2017 na mu 2018 ilipiga Burundi, hapa ng'ambo. Chanjo yake ipo pia: sindano moja inamkinga mbuzi miaka mitatu ao zaidi. Mbuzi wetu wale wa picha hawakuipata, juu hatukuwa tumeiandika mu bajeti.

Kwa ndigana kuna njia nyingine iliyotengenezwa Muguga mu miaka ya 1970: unampa ng'ombe ugonjwa wenyewe kwa kipimo, pamoja na sindano ya antibiotiki ya muda mrefu siku ile ile, anaugua kidogo na anabaki na kinga. Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia sana. Lakini dawa ile inasafiri ndani ya nitrojeni ya baridi kali, na inaleta vijidudu vya mahali pengine, basi inahitaji ruhusa na munganga anayejua. Mu vijiji tunamotembea hatujaiona. Kama siku moja tutaipata, tutarudi kwenu na mawazo mengine.

Kwa sasa, wandugu, jibu letu ni hili. Tusipande Ngomo. Tununue mitamba iliyozaliwa mu bonde, Kamanyola, Luvungi ao chini zaidi, na tumuulize muuzaji mama yake alikula majani wapi. Tukinunua wa kule juu, pesa yetu ya miezi yote itakuwa mu mikono ya muuza dawa: kupulizia kila wiki bila kukosa, na siku barabara inafungwa, kwisha. Dawa ya kutibu ndigana ipo, buparvakwoni, lakini ni ghali na sherti ichomwe mapema, mbele ya pumzi kubadilika. Familia nyingi zinatuita siku povu limeshatoka.

Tunajua wamama watasema maziwa ya ng'ombe wa hapa hayatoshi hata chai. Ni kweli, na hatuna jibu zuri. Tunaloweza kusema ni kwamba mtamba mwenye maziwa kidogo anazaa, na mzunguko unaendelea. Mtamba aliyekufa mwezi wa pili ameumaliza mzunguko wote, pamoja na familia sita zinazongoja nyuma yake.

Na hata wale wa bonde wasigawiwe siku ya kufika. Kamati imekubali kiwanja cha nyuma ya ofisi, kile chenye mwembe, kwa siku 21. Mbuzi na ng'ombe wa majirani wasiingie pale, na ndoo ya maji ya pale isitoke. Kila asubuhi mtu mmoja aangalie macho, pua na mavi, aguse tezi za chini ya masikio, atoe kupe walioshiba na kuwachoma, aandike mu kaye. Tumeshapata majina ya watu kwa siku kumi na nne. Zinabaki siku saba, na tunahitaji mtu wa Jumapili asubuhi, wakati wote wako kanisani.